Wanafunzi wangu wanaleta habari zilizoandikwa na mashine: nianzie wapi?

SWALI: Nafundisha uandishi wa habari ngazi ya stashahada katika chuo kimoja hapa Morogoro. Siku hizi kazi ninazosahihisha zimekuwa safi mno: hazina kosa la tahajia, na hazina mtu ndani yake. Najua zinatoka kwa akili mnemba ila siwezi kuthibitisha. Mkuu wa chuo anataka tununue programu ya kuwanasa, na pia tuanzishe somo jipya la akili mnemba na upotoshaji. Mtaala umejaa, kompyuta nzima ni chache, na wanafunzi wenyewe ndio wa kwanza kusambaza uzushi kwenye makundi ya WhatsApp. Nifundishe nini, niache nini? – Mkufunzi, Morogoro

JIBU: Mwalimu, heri umeuliza kabla hela haijatoka. Kwenye hiyo programu nitafika. Kwanza tushike maneno yako kwamba kazi hazina mtu ndani yake, maana hapo ndipo penye tatizo, na kulitatua hakuhitaji kibali cha mkuu wa chuo.

Kazi ya darasani tuliyoizoea ni hii: andika habari ya maneno 400 kuhusu kupanda kwa bei ya nyanya. Mwanafunzi analeta karatasi, wewe unasahihisha karatasi. Mashine inaifanya kazi hiyo kabla hujamaliza kufuta ubao, na mwakani itaifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo acha kuipa alama karatasi peke yake. Ipe alama njia iliyoizaa. Mtume mwanafunzi Soko Kuu la Chifu Kingalu, arudi na faili: daftari lenye majina na namba za simu za aliozungumza nao, saa na mahali, sauti alizorekodi, picha alizopiga mwenyewe, orodha ya waliokataa kusema na sababu walizotoa, na ukurasa mmoja unaoonyesha kila sentensi ya habari yake imetoka kwa nani. Habari iwe na alama 40, faili 60.

Nyanya nimezichagua makusudi. Aliyebaki bwenini ataandika kwamba bei ya tenga imepanda. Aliyekwenda atagundua kuwa matenga hayalingani, kwamba bei anayolipwa mkulima wa Mgeta na bei ya mchuuzi sokoni ni habari mbili tofauti, na akisogea upande wa viazi atakutana na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo ambalo serikali inalipiga vita miaka nenda rudi na bado lipo. Hapo ndipo habari ilipo: nani anapunjwa, kwa kiasi gani, na nani alipaswa kuzuia. Swali la namna hiyo halizaliwi bwenini.

Baada ya faili, mwite mezani kwako dakika kumi, umhoji kama mhariri wa zamu anavyomhoji ripota kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Huyu mama uliyemnukuu alikuwa anauza nini? Alisema hivyo kabla au baada ya kumuuliza bei? Nikimpigia sasa hivi atakukumbuka? Ukiwa na darasa la watu sitini huwezi kuwahoji wote. Piga kura, waite wachache kila wiki bila kutangaza ni zamu ya nani. Inatosha. Hofu ya kuitwa inafanya kazi kwa wasioitwa pia, na sioni haya kusema kwamba hofu kidogo ina nafasi yake katika fani hii.

Je, tuwapige marufuku kutumia akili mnemba? Mimi sikushauri. Marufuku usiyoweza kuisimamia inawafundisha kuficha, na vyumba vya habari watakavyoajiriwa vinaitumia tayari. Dai tamko: chombo gani nimetumia, nimekiuliza nini, nimebadilisha nini. Asiyetamka na akagundulika, kazi yake ni sifuri. Anayetamka asiadhibiwe kwa kutamka.

Hata hivyo waonyeshe mahali inapovunjika, tena kwa kesi zenye tarehe, kwa sababu vijana hawashtuki ukiwaambia tu kwamba mashine hukosea. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha ya vitabu vya kusoma msimu wa joto. Vilikuwa 15, na kati yake kumi havipo duniani. Waandishi waliotajwa ni wa kweli, wenye majina makubwa. Vitabu vilibuniwa na akili mnemba pamoja na muhtasari wa kila kimoja. Aliyeandaa orodha alikiri baadaye kwamba aliitumia na hakukagua. Kinachonivutia mimi ni safari ya kosa lenyewe zaidi ya uzembe wa mtu mmoja: makala hayo yalitoka nje ya gazeti, kwa kampuni inayouzia magazeti mengi kurasa zilizokwisha kuandaliwa, kwa hiyo kila mmoja njiani alidhani mwenzake amekagua. Waulize wanafunzi wako: kwenye redio ya kwenu, kitu gani kinapita bila kukaguliwa kwa kuwa kimetoka kwa mtu tunayemwamini? Watakutajia taarifa kwa vyombo vya habari inayosomwa neno kwa neno kama ilivyoletwa na ofisa habari. Uzembe ule wa kabla ya mashine ndio ambao mashine imeupanda mgongoni.

Oktoba 2025 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya na BBC walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusisha vyombo vya utangazaji vya umma 22 kutoka nchi 18. Waandishi walizipima programu za akili mnemba kwa maswali ya habari, na asilimia 45 ya majibu yalikuwa na angalau kasoro moja kubwa, nyingi zikihusu vyanzo. Kipimo kama hicho unaweza kukifanya darasani kwa nusu siku. Chukueni maswali ishirini ya mkoa wenu ambayo majibu yake mnayo mkononi, myaulize kwa Kiswahili, mhesabu. Takwimu mtakayoipata itawakaa vichwani kuliko hiyo ya Ulaya.

Kazi ambayo mimi huisifu ni kunakili mahojiano kutoka sauti kwenda maandishi. Inaokoa saa nyingi. Lakini Kiswahili kina mitego yake. Kati ya «hakulipwa» na «akalipwa» kuna irabu moja na pumzi ya h, na mama anayezungumza pembeni ya mashine ya kusaga hatamki kama mtangazaji wa taarifa ya saa mbili. Mashine ikisikia vibaya, tuhuma inageuka shukrani. Kwa hiyo sheria ya darasa iwe moja: nukuu yoyote inayotajwa kwenye habari isikilizwe upya kwa masikio ya binadamu, neno kwa neno. Na jingine ambalo nashangaa halisemwi: mahojiano ya mtu aliyeomba asitajwe hayapandishwi kwenye programu ya bure ya mtandaoni, hata kwa kunakiliwa tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, ahadi kwa chanzo ni ahadi.

Sasa upotoshaji. Hapa ndipo vyuo vingi vinapotumia muda vibaya, vikifundisha kuhesabu vidole kwenye picha. Dalili za picha ya kutengenezwa zinabadilika kila mashine mpya inapotoka. Mwanafunzi unayemfundisha dalili leo atahitimu zikiwa zimefutika. Mfundishe maswali yasiyochakaa: nani aliiweka kwanza, lini, alikuwa wapi, na nani mwingine aliyekuwepo anaweza kuthibitisha?

Kesi ninayoisomesha kuliko zote ni ya Kamerun. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare za kijeshi wakiwaswaga wanawake wawili kwenye njia ya vumbi, mmoja akiwa na mtoto mgongoni na mwingine na msichana mdogo, kisha wakawapiga risasi wote wanne. Baadhi ya watu walisema ni Mali, wengine Kamerun. Serikali ya Kamerun ilisema ni habari bandia. Kitengo cha BBC Africa Eye kikaanza na kitu ambacho hakuna aliyekitazama: mstari wa milima unaoonekana nyuma kwa sekunde chache. Wakaulinganisha na taswira za setilaiti za Google Earth mpaka wakaupata, karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali, si mbali na mpaka wa Nigeria. Nyumba na kuta zinazoonekana kwenye video wakazitafuta katika picha za setilaiti za miaka tofauti, ipi ilikuwa imejengwa na ipi imebomolewa, wakapunguza kipindi. Vivuli vya askari wakavipima kujua pembe ya jua. Wakafika kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Hata kabla uchunguzi huo haujatoka Septemba, serikali ilikuwa imegeuza kauli na kutangaza kuwakamata askari saba. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanne miaka kumi kila mmoja.

Angalia walichotumia, Mwalimu. Taswira za setilaiti ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua, subira, na vyanzo vilivyojua eneo. Na wewe uko Morogoro, mji kasoro bahari, umeegemea Uluguru! Piga picha sehemu mbalimbali za mji zenye milima nyuma, futa taarifa ambazo simu huzihifadhi ndani ya picha (saa na mahali ilipopigwa), wape wanafunzi makundi ya watu watatu kwa simu moja. Watafute mpiga picha alisimama wapi na, kwa vivuli, ilikuwa saa ngapi. Kisha watoke kwa miguu wakathibitishe. Upungufu wa kompyuta hautawazuia; zoezi hili halizihitaji.

Zoezi la pili liwe la kila wiki, na ndilo jibu langu kuhusu makundi yao ya WhatsApp. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja alichofowadiwa, darasa lifuatilie kilikoanzia. Picha yenyewe ipakiwe kwenye Google au TinEye, waone ilikowahi kutokea kabla. Video zikatwe kwanza kuwa picha moja moja. Watagundua haraka kwamba sehemu kubwa ya uzushi haina akili mnemba yoyote: ni picha ya kweli ya mafuriko ya nchi nyingine yenye maelezo ya hapa, au nembo ya chombo maarufu iliyobandikwa juu ya maneno ya uongo. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2017 zilisambaa video zilizovishwa sura ya BBC na CNN zikitangaza kura za maoni ambazo vyombo hivyo havikuzitangaza. Mbinu ya kizamani kabisa, na iliwapata wengi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwahi kuwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari wakisoma tovuti wasizozijua. Wasomi walizama ndani ya tovuti wakitazama nembo na mpangilio wake, na wengi walidanganyika. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza dunia inasema nini kuhusu tovuti hiyo. Tabia hiyo ya kutoka upesi inafundishika, ila kwa kurudiarudia, ndiyo maana nasema kila wiki. PesaCheck wanachapisha uhakiki wao hata kwa Kiswahili, na hapa Tanzania wapo JamiiCheck na Nukta Fakti. Wasome namna wanavyoonyesha hatua zao.

Kuna hatari ambayo wengi hawaioni mpaka wameisababisha. Ukimfundisha kijana kushuku tu, utapata mtu anayekataa hata kilicho kweli. Mwishoni mwa 2018 Rais Ali Bongo wa Gabon alikuwa nje ya nchi akiuguzwa kiharusi, minong'ono imejaa kwamba amekufa. Ikatolewa video yake ya salamu za mwaka mpya, sura imekakamaa. Wapinzani wakasema ni ya kutengenezwa. Januari 7, 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Wataalamu walioichunguza video ile hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Mgonjwa alionekana kama mgonjwa. Na tazama Kamerun tena: neno «bandia» lilikuwa kinga ya wauaji. Kwa hiyo mwanafunzi awe na majibu matatu: ni kweli, si kweli, haijathibitika. Hilo la tatu alitumie bila aibu, na aandike amefanya nini kujaribu kulithibitisha.

Sauti ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa mazingira yetu, maana haina kivuli wala mlima, na watu wetu husikiliza kuliko wanavyosoma. Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Septemba 30, 2023, ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama cha upinzani, Michal Šimečka, na mwandishi wa habari Monika Tódová, eti wakipanga kuiba kura. Wote wawili walikanusha, lakini kipindi cha ukimya wa kampeni kilikuwa kimeanza, vyombo vya habari vikabanwa katika kuijadili. Zoezi lake halina teknolojia: wape sauti, wape saa mbili, waone kama wanaweza kumpata mhusika mwenyewe, msaidizi wake, na mtu wa tatu aliyekuwa naye siku hiyo. Wengi watashindwa kwa sababu hawana namba za watu. Basi kitabu cha namba kiwe kazi ya muhula mzima: diwani, ofisa mtendaji, karani wa mahakama, daktari wa zamu, kiongozi wa bodaboda wa kila kijiwe.

Namba hizo zina kazi nyingine. Siku ya uchaguzi wetu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Google Earth, kutafuta picha, tovuti za uhakiki, vyote havikufikika kwa watu wa kawaida. Kilichobaki ni daftari, miguu, na mtu anayekujua vya kutosha kupokea simu yako. Mafunzo yanayotegemea mtandao tu yanakatika hapohapo.

Na wazoee nyaraka asili. Kenya mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za urais, za vituo zaidi ya 46,000, kila raia azione. Fomu zenye namba zilizochezewa zikazunguka mitandaoni kama kawaida, lakini safari hii mwandishi alikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, ukaguzi haukuonyesha tofauti kubwa kati ya fomu za kwenye tovuti, nakala walizopewa mawakala na zile za asili. Kwetu chukua ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwanafunzi aombe akili mnemba imfupishie sura moja, kisha kila namba iliyomo kwenye muhtasari aitafute kwenye ukurasa wa ripoti na auandike. Atajifunza hesabu, atajifunza serikali, na atajua mashine imempunja wapi. Hesabu hasa: mwandishi asiyetofautisha ongezeko la asilimia tano na ongezeko la pointi tano za asilimia hahitaji mtu wa kumpotosha.

Kuhusu somo jipya, ningemshauri mkuu wako aliache. Uhakiki ukiwa somo la Alhamisi mchana, unakuwa mali ya mkufunzi mmoja, na wengine wataendelea kupokea karatasi. Mtaala wenu wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, hamuwezi kuugeuza mtakavyo, lakini kazi za ndani ya kila somo ni zenu. Somo la picha libebe zoezi la Uluguru. Redio ibebe sauti. Sheria ibebe kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo, kisomwe pamoja na faili la mwanafunzi, aone kwamba rekodi ya hatua zake ndiyo utetezi wake wa kwanza. Cha kupunguza? Vipindi vya kukariri nadharia za mawasiliano na majina ya Wamarekani waliozibuni. Zibaki chache, zifundishwe kwa mifano, muda uliobaki uende mtaani.

Nimalizie na programu ya kunasa. OpenAI, wenye ChatGPT wenyewe, walikuwa na chombo cha kutambua maandishi ya akili mnemba. Wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine ilhali ziliandikwa na watu. Kwa Kiswahili sioni sababu ya kutarajia mema zaidi. Utamfukuza binti aliyeandika kwa mkono wake, na mjanja aliyebadilisha maneno mawili matatu atapita.

Mwombe mkuu fedha hiyohiyo igawanywe vingine: vocha za simu kwa ajili ya kupigia vyanzo, nauli ya daladala kwenda na kurudi sokoni, mahakamani na Mgeta, na vinasa sauti vichache vya kuazimana kwa wale ambao simu zao hazikai na chaji. Akikataa vyote, pigania nauli.